Kikapu cha Mwalimu Kemuma

Phelesia alifundisha darasa la kwanza pale shule ya Magunga miaka tisa bila cheti, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwaka 1966 ndipo akaletwa Kemuma, binti wa Kikisii mwenye cheti cha chuo na viatu vya kisigino, eti wagawane watoto mpaka mkaguzi wa elimu aje kutoka Homa Bay aamue nani abaki. Mmoja tu ndiye angebaki.

Phelesia alimwonea wivu. Yeye alikuwa na makopo yake matatu yaliyoandikwa Vyakula, Vyombo na Mavazi. Unampa mtoto punje ya mahindi, anaitia kwenye kopo lake, basi. Na huyu Kemuma? Anamwaga kikapu cha vikorokoro sakafuni, kopo hana, jina hana, anawaambia watoto watafute wenyewe vinavyofanana, kisha kila kundi walipatie jina.

"Kwako wanaainisha, dada," Kemuma alimweleza kwa upole uliomuudhi zaidi. "Makundi yapo tayari, kitu kinatafutiwa kwake. Kwangu kundi halipo mpaka mtoto alione. Wanahitaji yote mawili."

Dada! Nani dada yake? Na watoto nao, wasaliti wadogo, walikuwa wakikimbilia upande ule kabla hata kengele haijalia.

Asubuhi ya ukaguzi, Kemuma alipotoka kumlaki mgeni, Phelesia alikimwaga nyuma ya choo kikapu cha mwenzake, mbegu na makombe ya konokono. Akajaza kikapu takataka alizobeba kutoka kwake: mfuniko wa birika, kisahani kilichopasuka, kiatu cha tairi, akala, cha mguu mmoja, kifungo cha buluu, kitana kisicho na meno. Vitu visivyohusiana hata kidogo. Haya, tuone leo watavipa jina gani.

Kemuma alipomwaga kikapu mbele ya mkaguzi alishtuka, ila akawaambia watoto waanze. Phelesia alisimama mlangoni, moyo ukimruka kwa furaha. Watoto walipekuapekua, wakanong'onezana. Kisha Filister, msichana wa miaka saba aliyezoea kumchotea Phelesia maji, akavikusanya vyote rundo moja.

"Ni kundi moja tu, Teacher."

"Linaitwaje?" aliuliza Kemuma.

"Vitu vya kwao Mwalimu Phelesia. Hii kifuniko ni ya birika yake. Hii akala ni ya mzee yake."

Mkaguzi akageuka polepole kumtazama Phelesia. Phelesia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mwalimu Phelesia alinisaidia vifaa, Bwana Mkaguzi," Kemuma alisema haraka. "Tunafundisha pamoja."

Mkaguzi alitabasamu, akaandika. Kemuma angebaki na darasa. Phelesia angehamishiwa shule ya Osiri, pamoja na barua ya kumsifu kwa moyo wake wa kushirikiana.

Alipiga magoti kuokota vitu vyake sakafuni. Cheti, viatu, watoto, darasa, na sasa hata wema. Filister asingepata taabu kulipatia jina kundi hilo: vyote vya Kemuma. Phelesia alichukua mfuniko wake wa birika, akaondoka bila kuaga, akimchukia upya.