Kabati la Kamati Lilivyoumwa na Tumbo

Usiku wa jana, ulio wa kuamkia tarehe kumi na tano Rajabu, niliota kabati la kamati ya msikiti limesimama mlangoni kwangu, likipiga hodi kwa bawaba zake. Nalijua vyema kabati lile. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika ukatibu wa kamati, na kila karatasi iliyomo ndani yake niliitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Likanisalimu, nikaitikia.

"Maalim Mbwana," likasema, "tumbo linaniuma."

Nikaliuliza limekula nini. Likajibu kwamba limekula nilicholilisha, daftari za kisima na daftari za zahanati, na hakuna ukurasa hata mmoja uliosagika. Halikunena kwa ukali. Lilinena kama mgonjwa aliyekwisha kuyazoea maradhi yake.

Yanipasa kueleza. Msikiti wetu una kisima, kando yake kipo chuo cha watoto, na mkabala wake ipo zahanati ndogo ya wakfu. Kila alfajiri mimi hushusha kamba yenye mafundo, nikaandika kimo cha maji kwa tarehe za Hijria. Bi Riziki, muuguzi wa zahanati, huandika watoto wanaoletwa kwake wakiharisha, naye huandika kwa Januari na Februari kama alivyofunzwa. Kila baada ya miezi mitatu daftari zote mbili husomwa mbele ya kamati. Mwenyekiti husema tumepokea, tukasoma Fatiha, kisha zikaingia kabatini. Hatukupata kuona kasoro katika utaratibu huo.

Kabati linafungua mlango wake, naingia. Ndani ni ukumbi mrefu wenye jua la adhuhuri, na tarakimu zimesimama kila pahali, zimeuelekea ukuta. Kabati linatembea ubavuni mwangu ingawa nimo ndani yake, nami sioni ajabu.

Nasimama nyuma ya saba mmoja, namgusa bega.

"Wewe nani?"

"Saba."

"Saba wa nini?"

"Sijui, Maalim. Niliandikwa tu."

Kabati likanieleza kwamba hao wote ni data, na data haivuki ukumbi huo mpaka itaje isnadi yake. Niliona sharti hilo ni la haki, maana hata sisi hatupokei kauli isiyojulikana wapokezi wake. Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja. Yule saba alikumbuka kwa taabu: amepokewa kwa Bi Riziki, naye amepokea kwa akina mama saba waliobeba watoto wao asubuhi moja ya mwezi wa Machi. Alipokwisha kusema hayo uso wake ukaingia damu, akageuka, akanitazama. Nilitamani asingenitazama.

Sasa tumo katika chumba cha pili, wala sikumbuki kuvuka mlango. Tarakimu za kisima zimekaa kulia, zinasemezana kwa Rajabu na Shaabani. Za zahanati zimekaa kushoto, zinasemezana kwa Machi na Aprili. Kwa muda wa miaka kumi na tisa wamepeana migongo, kila upande ukidhani ule mwingine ni wa mji mwingine.

"Wakalishe pamoja," kabati linaniamrisha.

Elimu ya kuzigeuza tarehe niliipata ujanani, kwa kuhesabu juu ya vifundo vya vidole. Nageuza Machi, nageuza Aprili, jasho linanitoka. Yako mabao thelathini ya kukalia, moja kwa kila siku ya mwezi wa kuandama, na kila tarakimu inakwenda penye siku yake. Watoto wagonjwa wanalijaza bao la tatu na bao la kumi na saba, hata wakapakatana. Mabao mengine karibu yote hayana wagonjwa. Na zile tarakimu za kisima zilizo ndefu kuliko wenzao zimekaa bao la kwanza na la kumi na tano, siku mbili kabla ya wagonjwa.

Hapakuwa na haja ya mfasiri. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua. Bahari hujaa, na maji ya ardhini hupanda pamoja nayo. Yakipanda hupita chini ya choo cha waumini, kisha huingia kisimani. Bamvua nimeijua tangu utoto. Choo kile nilikizindua mwenyewe, kwa dua ndefu.

"Sasa wamekuwa taarifa," likasema kabati, likijishika tumbo. "Nafuu kidogo."

Ndipo nikamwona, mwisho wa bao la kumi na saba, mmoja mdogo ambaye wino wake haujatimia. Alikuwa na kichwa na kiwiliwili. Mguu hakuwa nao.

"Na wewe ni moja wa nini?"

"Wa mtoto wa miaka sita, nyumba ya Maalim Mbwana. Nitaandikwa keshokutwa."

Mjukuu wangu Mwanatumu ana miaka sita, na hunywa maji ya kisima hicho chuoni kila asubuhi.

Nikaliambia kabati kwamba nitaandika ripoti papo hapo, iliyopangwa vizuri. Na kamati ikipenda nitaitunga utenzi, mizani nane kila kipande, vina vikamilifu.

"Hiyo," likasema, "utanilisha mimi."

Likanisukuma katika chumba cha tatu. Ni chumba kidogo chenye kiti kimoja cha mbao, na vumbi la kimo cha kidole. Kabati linaniambia, likiwa nje, kwamba hakuna mwanakamati aliyepata kufika humu. Nakaa.

"Utafanya nini?" kiti kinauliza.

Nasema nitaitisha kikao. Kiti kinarudia swali lake. Nasema nitazungumza na mwenyekiti. Kiti kinarudia tena. Nyuma ya mlango nasikia sauti ya yule mdogo, haina kilio wala hofu.

"Babu, wananichora mguu."

"Nitakifunga kisima," nikasema.

"Lini?"

"Leo. Kabla watoto hawajaingia chuoni."

Nikakumbuka kwamba kisima kilitolewa wakfu na babu yake mwenyekiti. Nikasema mwenyekiti atadai nimelitukana kaburi la babu yake.

"Atadai," kikasema kiti.

Nikaamka. Alfajiri ilikuwa inapambazuka. Mke wangu, Bi Tima, alikuwa amesimama mlangoni na msahafu wa Mwanatumu mkononi, akiniambia mtoto yu tayari, anataka kuwahi chuo. Nikasema Mwanatumu asiondoke, wala asinywe maji popote ila ya kuchemshwa hapa nyumbani. Nikainuka kutafuta kufuli.

Bi Tima akanitazama kwa nyuma.

"Maalim, umekaa wapi? Kikoi hiki nilikifua jana, nawe umekilalia tu."

Nikakivuta mbele nikakiangalia. Palikuwa na mistari minne ya vumbi, imenyooka kama mbao za kiti. Bi Tima akanyoosha mkono kunipangusa. Nikamzuia, nikatoka na vumbi lile hivyo hivyo kwenda kisimani.