Baridi Iliyompita Baba

Mpima hali ya hewa alifungua kisanduku cheupe cha mbao, akabana pumzi ili joto la kinywa chake lisiharibu kipimo, akachungulia. Ndani ya bomba la kioo mna kijiti kidogo ambacho spiriti hukivuta chini baridi inapozidi, kisha hukiacha papo hapo joto linaporudi. Leo kilikuwa kimeachwa kwenye nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri. Akafumba macho, akafumbua. Kijiti ni kilekile.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Baba atanikana."

Baba yake ndiye aliyemtangulia katika kazi hiyo, na ndiye aliyepima baridi kali kuliko zote mjini: arobaini na mbili. Tangu astaafu, hapakuwa na harusi wala msiba ambako hakuisimulia. Watu walimwita Mzee Barafu, naye akaitika kwa fahari.

Binti hakutaka kukurupuka. Spiriti ikikatika ndani ya bomba, kipimajoto hudanganya mchana kweupe. Akaikagua, ilikuwa nzima. Akatazama kipimajoto cha akiba, nacho kilisema vilevile. Cha zebaki hakikumfaa kitu, maana zebaki yenyewe ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama risasi. Akapiga simu makao makuu. Alikuja mkaguzi, akavitumbukiza vipimajoto kwenye beseni la spiriti iliyopozwa, akavilinganisha na chake mpaka akaridhika.

"Hongera, dada. Rekodi ni yako."

Akaenda kwa wazazi wake akijikokota. Baba alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo?"

"Nimekupita kwa nyuzi moja."

Kisu kikatulia. "Ulikagua spiriti?"

"Haikukatika."

"Ulibana pumzi?"

"Kama ulivyonifundisha."

Machozi yakamlengalenga mzee. Kisha akamkumbatia kwa nguvu, kiazi kingali mkononi.

"Afadhali!" mama alisema kutoka mezani. "Hiyo arobaini na mbili nimeisikia mpaka naiota. Sasa tutapumzika."

Wapi! Kesho yake binti alimkuta baba kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu, wateja wote wamemtegea sikio.

"Basi binti yangu amesimama pale, mbwa mwitu wamemzunguka..."

"Baba, hapakuwa na mbwa mwitu!"

"Ungewaonaje, mwanangu? Macho yako yalikuwa kwenye kipimajoto."

Kinyozi akacheka hadi akaweka wembe chini. Binti naye akavuta kiti, akaketi kusikiliza.