Konde la Dengu la Dancille

Umewahi kusimama katikati ya shamba lako mwenyewe ukiogopa kama mwizi? Ndivyo Dancille alivyosimama Jumamosi ile ya Agosti 2010, kwenye vishamba vya nyuma ya maghorofa ya Tensta, huko Uswidi, akimsubiri mzee Göran wa chama cha bustani. Barua ya chama ilisema kishamba kilichoachwa kiote magugu kitapewa mwingine aliye kwenye foleni.

Na cha Dancille, kwa macho ya mgeni, kilikuwa magugu matupu. Dengu ndivyo zilivyo: majani membamba, mashina yanayoshikana, hayafiki hata gotini. Mwaka wa kwanza alipanda zile nyekundu za dukani. Akangoja wiki tatu, udongo kimya, mpaka akaelewa kwamba zimekobolewa na kupasuliwa. Safari hii alipanda za kahawia, nzima na ganda lake. Tangu utotoni alisikia kanisani habari za Esau, aliyeuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Alitaka kuonja za mkono wake.

"Koko, twende zetu," Maombi, mjukuu aliyekuja kumtafsiria, alimwambia bibi yake. "Atasema ni magugu. Nitaona haya mimi."

"Kuna askari mmoja wa mfalme Daudi, mwanangu. Wafilisti walipokuja, wenzake wote walikimbia. Yeye akabaki katikati ya konde la dengu, akalilinda."

"Yule alikuwa na upanga, Koko. Wewe una ndoo."

Dancille akaitazama ndoo. Kweli.

Göran akafika na daftari. Akainama, akavuta mche mmoja, ukang'oka na mizizi yake. Mzee akasema mengi kwa Kiswidi.

"Anasema hapa hapajalimwa," Maombi akanong'ona. "Anauliza kama unakiacha."

Miaka sita tangu ahamie nchi hii, watu walimjibia Dancille: hospitalini, benki, hata dukani. Yeye alitikisa kichwa tu. Sasa Maombi alikuwa ameshafungua mdomo. Dancille akamgusa bega, akainua kitenge asikanyage kitu, akaingia katikati ya dengu zake. Akauchukua ule mche mkononi mwa mzee, akapasua kiganda kidogo bapa, akamwekea kiganjani punje mbili mbichi.

Kiswidi chake kilikuwa cha kuokoteza, neno hapa, neno pale.

"Hizi dengu," alisema. "Mimi nimepanda. Nataka shamba langu."