Marehemu Aliyewapa Mgongo

Wafanyakazi wapya wa kiwanda cha biskuti waliketi katika ukumbi wa chakula, mapazia yakafungwa, projekta ikawashwa. Afisa usalama aliwaonya kwamba picha zinatisha. Ya kwanza ilikuwa ya ngazi iliyovunjika. Ya pili ilikuwa ya marehemu, fundi wa mashine ya kukanda unga, na bintiye alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Marehemu alipomwona, alijigeuza mle pichani akaulalia mkono wake uliosagwa na mashine, akawapa mgongo.

"Shikamoo, mzee," alisema afisa. "Tunaomba ugeuke. Wa nyuma hawaoni."

"Marahaba. Mwanangu yumo humu. Mengine yote nimekubali, hili hapana."

Alisema kweli. Kila wageni walipoajiriwa alitazamwa na kuitwa mzembe, asilalamike. Siku ya mazishi jeneza halikufunguliwa. Binti aliambiwa amkumbuke alivyokuwa. Sasa aliutazama mgongo ule, na ovaroli aliyokuwa akiifua mwenyewe, akatamani kuugusa hata kwa kidole. Nyuma mtu alinong'ona kwamba chai inapoa.

Afisa hakuwa mtu mbaya, ila kazi zilimsubiri. "Basi yaishe," alisema. "Binti, wewe nenda ukaanze kazi. Mafunzo utayapata siku nyingine."

Binti alisimama.

"Anaanzia wapi?" aliuliza marehemu.

"Kwenye mashine yako, mzee. Tuliona ni heshima."

"Ile kinga mmeirudisha?"

Kinga ni wavu wa chuma unaouzuia mkono usifike kwenye vyuma vinavyozunguka. Iliondolewa zamani kwa kuwa ilichelewesha kazi. Pale kiwandani haraka ndiyo yenye baraka.

"Bado, mzee. Iko mbioni."



"Keti, mama," marehemu alimwambia binti, kama alivyomwita tangu utotoni. "Na usifumbe macho."

Akageuka polepole, maana mkono ulishikwa na ngozi tu, mpaka kila kitu kikaonekana. Afisa alimshukuru, akaendelea kueleza kwamba haya ndiyo matokeo ya uzembe. Binti alilia kwa sauti, moyo ukimpasuka, wala hakuna aliyemnyamazisha. Lakini macho hakuyafumba, kwa kuwa baba yake alikuwa akimtazama.

Mafunzo yalipokwisha, alinawa uso, akaenda kuiwasha mashine.