Namba Mbili Kwenye Nafasi Moja

Kitufe cha kutuma fomu kiligoma. Élisabeth alikibonyeza kwa kidole gumba, akapangusa kioo cha simu kwa ncha ya kitenge, akakibonyeza tena. Kikabaki na rangi yake ya majivu, kimya, kama mtu anayedaiwa salamu. Na kwa ajili ya hicho kitufe mama wa watu alikuwa ametoka Kibabi kwa pikipiki tangu alfajiri hadi hapa Mushaki.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kuwapasua bure wenye mtoto wa jicho. Kujiandikisha ni kwenye tovuti yao tu, na mwisho ulikuwa jioni hiyo. Mumewe Marcellin, mtu aliyekuwa akipanda maharage kwa mistari iliyonyooka, sasa alishikwa mkono hata kwenda msalani. Jina lake lisipofika leo, basi tena. Nani ajuaye madaktari hao watarudi lini?

Simu ilikuwa ya Olga, binti wa Mama Kaswera, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka walimokuwa wameketi. Élisabeth alilijua duka vizuri. Vita vilipowafukuza shambani walifika hapa na mvua mgongoni, Marcellin tayari haoni, na Kaswera hakuuliza kabila wala ukoo. Alisukuma magunia ya chumvi upande mmoja wa depo, akawapa upande wa pili mpaka njia ya kurudi ilipofunguka. Akamkaririsha Marcellin namba yake ya simu kama mtoto wa katekisimu, ili wakipotezana barabarani ajue pa kuuliza. Hata leo Marcellin huinong'ona akipukuchua maharage. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Élisabeth hakuhitaji kukumbushwa.

Olga alijaribu yote. Alipunguza ukubwa wa picha ya Marcellin, akabadilisha laini, akaanza upya kutoka jina la kwanza. Kitufe, ng'o. Mwishowe akasogeza simu karibu na macho, akacheka.

"Mama Élisabeth, hapa kwa telefone ulitia numero mbili."

"Ndiyo. Yangu na ya mama yako. Njo vile tunaandikaka siku zote."

Hakusema uongo, ndivyo wanavyoandika wote huko. Mtandao unaoshika kilima hiki haushiki kile. Kwa hiyo mlangoni mwa gari, kwenye kadi ya ubatizo, kwenye ukuta wa duka, namba ni mbili na mstari wa mshazari katikati. Aliyetengeneza tovuti ile, huko aliko, hakuwa na vilima.

"Inataka moja tu," Olga alisema. "Tufute gani?"

"Yangu!" Kaswera alijibu kutoka kwenye mizani. "Mugonjwa iko wake. Wamupigie yeye."

"Nifute numero yako nikiwa mu nyumba yako, Mama? Hapana! Mufute yangu."

"Yangu, nasema!"

"Yangu!"

Wakashindana kwa adabu hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake heshima, na jua likizidi kuteremka. Olga uvumilivu ukamwishia.

"Yako inashikaka kule Kibabi?"

"Inashika," Élisabeth alisema, "nikipanda kwa kilima, kama hakuna mvua."

"Basi ya Mama njo inabaki. Haizimikaka."

Élisabeth akaifuta namba yake mwenyewe. Kitufe kikageuka kijani. Alikigusa polepole, akiogopa kukiudhi, na maneno yakatokea: wamepokea. Akakaa juu ya gunia akalia machozi ya furaha. "Aksanti, Olga. Aksanti, Mama. Mungu awarudishie mahali siye hatuwezi."

Simu ya madaktari iliita Jumapili, katikati ya misa. Kaswera, ambaye padri mwenyewe anajua hatoki kanisani kabla ya baraka, alitoka mbio huku kaifunika kwa kilemba, na kabla ya komunyo pikipiki ilikuwa njiani kwenda Kibabi.

Baada ya upasuaji, madaktari walipomfungua Marcellin bandeji, alimtazama mkewe hadi mkewe akaona haya. Kisha akasema njiani wasimame kwanza Mushaki.

Mbele ya duka wanawake kadhaa walikuwa wakichambua maharage. Élisabeth alifungua mdomo amwonyeshe Kaswera ni yupi, Marcellin akamshika mkono.

"Nyamaza kwanza. Nitamutafuta mwenyewe."

Akachukua simu ya mkewe. Alibonyeza tarakimu moja moja, akiziangalia kwa mara ya kwanza, zile alizozibeba kichwani miaka yote. Simu ikalia kiunoni mwa mwanamke mfupi mwenye unga hadi kwenye viwiko, aliyekuwa amemnyamazia makusudi. Marcellin akashangaa, kwa wema ule alimdhania mrefu.

Kaswera akaiweka sikioni, ingawa walikuwa hatua chache tu mbali.

"Alo?"

"Alo, Mama. Ni miye, Marcellin. Nakuona."