Kushusha Gita

Kila mara bendi ilipobadilisha mtindo, kulikuwa na mtu aliyeshindwa kitu. Mpiga gita alilijua hilo kwa sababu alikuwepo mara zote. Mpiga dramu, waliyemwita Tingatinga tangu ujana wake, alipoanza kuishiwa nguvu katikati ya nyimbo na mapigo yakawa yanapungua kasi kama gari linaloishiwa mafuta, bendi ilitangaza redioni kwamba imeingia enzi mpya, ikanunua mashine ya midundo. Tingatinga akabaki amekaa nyuma ya mashine hiyo, akibonyeza kitufe mwanzo wa wimbo na kugonga sahani ya shaba pale alipojisikia. Mpiga besi alipowakimbia kwenda kufungua duka la rangi za nyumba, waliwaambia waandishi kwamba besi la kinanda ndilo linalotamba duniani. Nywele zilipowatoka, kofia zikawa fasheni. Kila pengo lilipewa jina la maendeleo, na kila maendeleo yalipigiwa makofi na watu wachache kuliko yaliyotangulia.

Mpiga gita mwenyewe aliitwa Shemeji. Alikuwa amemwoa dada wa mwimbaji, mwimbaji hakuwahi kumwita jina jingine, na wengine wakafuata. Mwimbaji alijiita Jenerali. Cheo hicho hakupewa na mtu. Alijishonea mabegani kwa uzi wa dhahabu, kwenye koti la ngozi ambalo sasa lilikuwa halifungiki vifungo.

Jenerali alikuwa amepoteza sauti ya juu na hakujua. Asingeweza kujua, kwa kuwa walio karibu naye walihakikisha hajui. Ilianza baada ya onyesho ambalo kiitikio cha wimbo wao uliovuma, ule uliowapa jina na ambao watu walikuwa bado wanauomba, kilimkwama kooni mbele ya ukumbi mzima. Kesho yake Dada, mke wa Shemeji, alimwambia mumewe jikoni huku akikausha sahani, "Lishushe gita lako kidogo. Mdogo wangu akijua, atanuna mwaka mzima, na atakuja kununia hapa hapa, kwenye kochi langu."

Shemeji alilegeza nyuzi zote kwa nusu hatua, sauti ya gita ikashuka. Tingatinga, ambaye alilazimika kuingizwa kwenye njama, akashusha mashine yake vivyo hivyo. Jenerali akaimba, akafika, akashuka jukwaani akisema mazoezi ya pumzi yamemsaidia. Tangu siku hiyo, kila mara sauti yake ilipopungua, nyuzi zililegezwa tena. Zikafika mahali pa kutikisika chini ya vidole kama kamba ya kuanikia nguo, na Jenerali akafika mahali pa kuwaambia waandishi, kwa uso mkavu kabisa, "Mimi naimba palepale nilipokuwa naimba nikiwa kijana. Niletee mwingine wa rika langu anayeweza."

Shemeji alikuwa na sababu ya kumdharau. Wimbo ule ulifunguliwa na gita lake: noti chache zinazopanda, kisha uzi wa tatu unasukumwa kwa kidole mpaka unalia juu kabisa, na kilio kinashikiliwa pale hadi ngoma ziingie. Katika maisha yake ya muziki hakukuwa na kitu kingine alichokifanya vizuri kiasi hicho, na alikuwa na akili ya kutosha kulijua hilo. Baada ya kushushwa, kile kilio kilisikika kama mtu anayejaribu kuamka na kughairi. Wenzake wote walikuwa wamepungua. Yeye, kwa hesabu yake, alikuwa amepunguzwa.

Ndipo prodyuza alipopiga simu. Dada ndiye aliyeipokea, kwa kuwa simu ya bendi ilikaa kwenye mkoba wake. Kijana mmoja anayefokafoka, ambaye nyimbo zake zilisikika kwenye kila kinyozi, alikuwa ameikuta santuri yao ya zamani na kuupenda wimbo. Alitaka kuutoa upya pamoja nao. Ukifanya vizuri, wangezunguka naye jukwaani.

"Nilisema," Jenerali alisema. "Nilisema watarudi kutupigia magoti."

"Amepiga simu," Dada alisema. "Magoti sikuyaona."

Studio ilikuwa ghorofani juu ya duka la simu. Kuta zilifunikwa sponji nyeusi, kiyoyozi kilivuma, na kwenye meza ya mashine kulikuwa na kikombe cha chai kilichoota utando. Prodyuza alikuwa binti mwembamba aliyevaa kandambili. Alisimama walipoingia.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," Jenerali alijibu. "Ila wazee wako wako kwenu. Hapa imekuja bendi."

"Sawa, baba," binti alisema, bila kukasirika wala kutabasamu. Aliwaeleza kazi ilivyo. Kijana alikwisha kurekodi mistari yake na kwenda zake safarini. Kila kitu kilijengwa juu ya santuri ile, kwa ufunguo uleule, yaani sauti ikiwa juu palepale ilipokuwa. Gita na kiitikio vilivyokuwa kwenye santuri vilikuwa vimegandana na mikwaruzo, kwa hiyo alihitaji virekodiwe upya, safi. "Yaani kama mlivyofanya siku ile. Msiongeze kitu."

"Ufunguo uleule," Jenerali alisema, "ndio pekee ninaoujua."

Tingatinga alipatwa na kikohozi.

Dada alimvuta mumewe mpaka kwenye korido, karibu na madumu ya maji. "Mwambie yule binti ashushe."

"Mwambie wewe."

"Mimi nitamwambiaje mambo ya nyuzi? Nenda. Umeshusha miaka yote hii, leo umepatwa na nini?"

"Leo itarekodiwa," Shemeji alisema. "Watu ambao hawajawahi kulisikia lile gita watalisikia. Nataka walisikie pale pake."

"Huyo ni ndugu yangu, baba watoto. Ataumbuka."

"Na lile ni gita langu."

Dada alimtazama kwa muda, kama anavyotazamwa mtu aliyekula nyama yote akaacha mchuzi. Kisha akarudi ndani.

Jenerali alitangulia kuimba. Alivaa hedifoni juu ya kofia, akafumba macho, akanyoosha mkono mmoja kama anavyofanya jukwaani, ingawa pale palikuwa na kioo tu na nyuma yake watu wanne. Mstari wa kwanza wa kiitikio ulipita. Wa pili, ule wa juu, aliukimbilia kwa ujasiri wote wa mtu asiye na taarifa. Sauti ilipanda, ikasita, ikapasuka, ikaendelea bila yeye kwa njia ya filimbi nyembamba, kisha ikakata.

"Haijafika, baba," prodyuza alisema kwenye maiki yake. "Turudie."

Walirudia. Kwanza kosa lilikuwa la hedifoni. Kisha la kiyoyozi, wakakizima, jasho likawatoka wote na noti haikufika. Kisha Jenerali akaivua hedifoni na kuigundua sababu yenyewe.

"Hii santuri mmeikimbiza," alisema. "Mashine yenu inazungusha haraka, ndiyo maana kila kitu kimepanda. Kijana wenu amefokea juu ya makosa."

"Nimeipima, baba. Kasi yake ni sawa."

"Binti, unabishana na aliyeimba? Mimi ndiye ninayesikika humo! Muulize Shemeji. Shemeji, mwambie tulirekodi wapi."

Prodyuza aligeuza kiti. "Mzee, mlirekodi kwa ufunguo huu?"

Wote walimtazama. Shemeji alikuwa amewahi kuwaza jinsi siku hiyo itakavyokuwa, na katika mawazo yake kulikuwa na huruma kidogo. Sasa aliitafuta huruma hiyo, akaikosa.

"Ndio huu huu," alisema. "Tumekuwa tukikushushia. Miaka mingi. Mimi nalegeza gita, Tingatinga anashusha mashine. Unapoimba siku hizi si palepale. Ni chini sana."

Jenerali alimgeukia dada yake. "Na wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyewaambia."

"Dada!"

"Usinipigie kelele. Ungependa nikuache uendelee kubweka mbele za watu?"

Mtu mwingine angeondoka, au angekaa chini. Jenerali alisimama nyuma ya kioo akipumua kwa mdomo, mikono kwenye mshipi wa suruali, na Shemeji akasubiri kwa hamu isiyokuwa na heshima kuona mtu huyu akianguka hatimaye. Hakuanguka. Alivaa tena hedifoni.

"Kwani siku hizi nani anaimba?" alisema. "Nyimbo zao mnazisikia. Wanaongea. Nimekuwa nahangaika na mambo ya zamani bure. Binti, weka tena. Nitaongea."

Akaongea. Kiitikio kilichokuwa kimebeba mapenzi na machozi ya rika zima, alikisema kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi. Prodyuza aliinua kichwa.

"Hiyo ina uzito," alisema. "Hiyo naitumia."

"Unasikia?" Jenerali alisema, akatoka akiwa amevimba kifua. "Lazima uende na wakati." Akamtaka dada yake waende kunywa soda chini, na Tingatinga akawafuata. Katika muda wa wimbo mmoja kushindwa kwake kulikuwa kumeshageuka mtindo, na tayari alikuwa anautolea ushauri.

Shemeji akabaki na binti. Akatoa gita kwenye mfuko, akaanza kukaza nyuzi, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Alikuwa amesahau jinsi linavyobadilika. Shingo ya gita ilikakamaa kama mgongo wa mtu aliyeitwa jina lake. Noti zilizokuwa zikiteleza zikasimama wima, kali, na alipogusa kamba zote pamoja sauti ilijaa chumba kile chenye sponji na moyo wake ukaenda mbio kama wa mwanafunzi.

"Tayari, mzee?"

"Weka."

Noti za mwanzo zilipita safi. Akafika kwenye uzi wa tatu, akausukuma kwa kidole. Uzi ukakataa. Haukukataa kabisa, ulipanda nusu ya njia, ukaanza kumrudisha. Aliongeza kidole cha pili nyuma ya cha kwanza, kama alivyowafundisha wanafunzi, na maumivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko. Kilio kilibaki chini ya pale kilipotakiwa, kikitetemeka.

"Haijafika, baba," prodyuza alisema. "Turudie."

Ilikuwa sauti ileile, na adabu ileile.

Walirudia. Alisema nyuzi ni mpya, hazikuwa mpya. Alisema kiyoyozi kimemkaza misuli, na kiyoyozi kilikuwa bado kimezimwa. Alibadilisha mkao, akasimama, akakaa, akakunjua vidole na kuvikunja. Kwa miaka yote aliyokuwa anamlegezea mwenzake, vidole vyake vilikuwa vinapiga kamba za kuanikia nguo, na vilikuwa vimezoea. Havikuombwa nguvu, navyo havikuweka. Hakuna aliyelazimika kumficha. Alikuwa amejificha mwenyewe ndani ya ugonjwa wa mtu mwingine, bila kulipia chochote, na kumcheka mgonjwa.

Ngozi ya kidole cha tatu ilipopasuka, prodyuza alizima mashine.

"Inatosha, mzee. Usijiumize. Siku hizi hilo si tatizo."

Akavuta kipanya. Kwenye kioo cha kompyuta noti yake ilikuwa mstari wa kijani unaopanda na kukata tamaa. Binti aliushika mwisho wake kwa mshale, akaupandisha, akauachia.

"Hapo?"

Kilio kilipanda, kikafika, kikakaa. Kilikuwa kizuri mno. Kilikuwa kizuri kuliko cha kwenye santuri.

"Hapo," Shemeji alisema. Alifunga kidole kwa kitambaa, na alipowakuta wenzake chini na Dada kumuuliza, alisema amejikata na mlango.

Wimbo ulivuma. Kinyozi wa mtaani kwao aliurudia mpaka wateja wakalalamika. Magazeti yaliandika juu ya sauti mpya ya Jenerali, ya kizee na yenye busara, na juu ya gita ambalo, walisema, halijazeeka hata siku moja. Shemeji aliambiwa hivyo na watu dukani, na alijibu asante.

Mazoezi ya kuzunguka na yule kijana yalianza katika ukumbi wa shule, mchana, viti vikiwa vimepandanishwa ukutani. Dada alikaa mbele na mkoba wake. Jenerali alikuwa na furaha ya kutisha. Alikuwa ameamua nyimbo zote za bendi zitaongewa, hata ile ya kubembeleza.

"Sasa, Shemeji," alisema, akimwekea mkono begani, "kosa lako nimekusamehe. Mimi siimbi tena, kwa hiyo huna wa kumshushia. Pandisha gita mpaka pale pake. Palepale ulipokuwa unapatamani. Wape vijana kile kilio."

Ruhusa aliyoisubiri miaka yote ndiyo hii. Shemeji alishika vishikizo vya kukazia nyuzi. Kidole cha tatu kilikuwa kimepona, na kovu dogo gumu lilikuwa limebaki. Mkewe alikuwa anamtazama. Alikaza uzi wa kwanza kidogo, akausikia ukianza kusimama, akaacha.

"Hapana," alisema. "Tubaki chini. Tena tushuke zaidi kidogo. Siku hizi vijana wanapenda gita zito."

Jenerali alifikiri. "Zito," alisema. "Ndiyo. Hilo ni wazo."

Nyuma yao Tingatinga alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye mashine. Aliishusha bila kuuliza kwa kiasi gani.

"Karibu, mzee mwenzangu," alisema, akabonyeza kitufe.