Glovu za Mkwe

Muwasho wa dawa Fundi aliumudu. Kilichomshinda ni glovu.

Yote mama huyu mshonaji alikuwa ameambiwa mapema, hakuna aliyemficha. Ule uvimbe mdogo uliojitokeza kwenye weupe wa jicho lake la kulia, ambao kwa miezi sita yeye alisema umeletwa na vumbi la vitambaa, ulikuwa na chembe zinazoweza kugeuka saratani. Daktari alisema wataujaribu kwa matone kabla ya kufikiria kisu: mara nne kwa siku kwa wiki moja, mapumziko wiki tatu, kisha tena, mpaka uishe. Jicho litachoma, litakuwa jekundu, litatoa machozi, mwanga utaliumiza, na ngozi ya kope huenda ikabambuka. Na kweli, wiki ya dawa ilipofika, Fundi alishona sare za shule pazia likiwa limefungwa, chozi likidondokea kola za watoto wa watu. Mteja mmoja alimpa pole ya msiba. Fundi aliipokea tu, maana kueleza kulichosha kuliko kufiwa.

Wa kumtia dawa alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe, mwashi anayebeba mfuko wa saruji kama mto wa kulalia, alijaribu siku ya kwanza na tone likaishia sikioni, kwa sababu aliyefumba macho alikuwa yeye. Kazi ikamwangukia mkewe, na aliifanya vizuri. Alinawa mikono, akampaka mama mkwe mafuta ya mgando kwenye kope, akadondosha tone moja, kisha akambonyeza kwa kidole pembeni mwa pua, dawa isishukie kooni, kama walivyofundishwa, huku wanapiga soga mpaka dakika ziishe. Fundi hakujaliwa binti. Dakika zile alizipenda, dawa ikichoma hivyo hivyo.

Mzunguko wa pili mkwe alikuja na glovu.

Hakueleza kitu. Chupa ya dawa ilihamia ndani ya kopo lenye mfuniko, na taulo la Fundi likapata ndoo yake peke yake. Mkwe alisimama mbali, mkono ameunyoosha, uso ameugeuzia dirishani, na soga ikafa. Siku ya tatu hata kubonyeza hakubonyeza. Alidondosha tone akakimbilia bafuni, akafungulia bomba, lakini bomba halikutosha kuficha sauti ya mtu anayetapika.

Fundi alijiangalia kwenye kioo. Jicho lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, na kope zimechubuka. Alijiambia kwamba hata yeye angetapika. Lakini kujiambia ni kitu kimoja na kuumia ni kingine, na aliumia. Angeweza kuuliza, ila aliogopa jibu. Ndani ya wiki za mapumziko akakata shauri: mzunguko wa tatu hataki. Bora wamkate yaishe, kuliko kuwa kinyaa nyumbani kwake mwenyewe.

Alikwenda kliniki peke yake akamweleza muuguzi hayo yote, glovu, kopo na matapishi. Muuguzi alimsikiliza bila kumkatiza. Kwanza akamwambia uvimbe umeshapungua nusu, kwa hiyo kuacha sasa ni kuupa nafasi urudi. Halafu akauliza:

"Huyo mkwe wako, ana mimba?"

"Hana. Angekuwa nayo ningejua."

"Mimi ya kwenu siyajui. Ninachojua ni kwamba dawa hii inaua chembe zinazokua haraka, na mtoto tumboni kazi yake ni kukua. Glovu avae yeyote anayeishika. Ila mwenye mimba asiishike kabisa, hata kwa glovu."

Fundi alibaki ameshika mkoba wake magotini. Angekuwa nayo ningejua! Mkwe alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya pili, ulimi hauna mfupa, Fundi aliitangaza mtaa mzima kabla haijatimiza miezi mitatu, na alipoulizwa na mteja yeyote alionyesha kitambaa cha nguo za mtoto alichokwisha kukikata. Mimba ilipoharibika, watu waliendelea kumuuliza yule binti hali ya tumbo wiki hadi wiki, sokoni, dukani, mlangoni. Yeye aliwajibu mmoja mmoja. Hakuwahi kumlaumu mama mkwe hata kwa neno. Safari hii alikuwa amenyamaza tu, na aliyenyamaziwa ni Fundi. Hilo lilimchoma kuliko tone lolote.

Siku zilizobaki alijifunza kujitia mwenyewe. Alijilaza chali na chupa ya maji matupu, na maji yakaenda puani, shingoni, mara mbili mdomoni. Mtu aliyetunga uzi kwenye sindano miaka thelathini akashindwa kulenga jicho lake mwenyewe! Siku ya nne akalipata.

Mzunguko wa tatu ulipoanza, mkwe aliingia asubuhi na glovu zake, akamkuta Fundi ameshamaliza, kidole kipo pembeni mwa pua.

"Nimeshajitia, mwanangu. Kapumzike."

Saa sita ikawa vile vile, na saa kumi pia. Jioni mkwe aliingia mikono mitupu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama," alisema, "nimekukosea nini, hata mkono wangu huutaki tena?"

Fundi hakulitegemea hilo. Alidhani anamwondolea mzigo, kumbe amemjeruhi pale pale alipojeruhiwa yeye.

"Hujanikosea. Mimi ndiye niliyekukosea, siku ile nilipotangaza lisilo langu."

Mkwe aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikwenda tumboni wenyewe, na ukabaki hapo.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Na mimi sijamwambia mtu. Mumeo anajua?"

"Anajua."

"Basi watatu tunatosha. Na dawa usiiguse tena, wala kopo lake, wala taulo. Hata kwa glovu. Nimeuliza."

"Nilitaka kukuambia, Mama. Niliogopa."

"Ulikuwa na haki ya kuogopa."

Machozi yakamtoka Fundi. Jicho la kulia lilikuwa na kisingizio chake, limezoea. La kushoto halikuwa na dawa wala uvimbe, nalo likatiririka vile vile. Mkwe alinyoosha mkono kumfuta, na Fundi akaudaka kabla haujafika.

"Hilo lina dawa," alisema. "Futa hili jingine."